Mgombea Wangu Yuko Mahakamani

Jumapili, 7 Juni
Halafu ile sauti yake, sijamaliza kuisema. Hata akiomba chumvi utadhani anamwombea mtu dhamana. Wiki ya saba ya ndoa na bado namsikiliza nimeshika mwiko, ugali unaungua. Leo amefanyia mazoezi ya hotuba jikoni, hapa kwetu Buswelu. Wajumbe wote ni mimi. Nampenda hadi naona aibu. Alhamisi wajumbe wenyewe wa chama wanachagua mgombea udiwani. Masalu wangu atapita. Najua.

Jumanne, 9 Juni
Balaa. Kesi ya Mama Kabula imepangwa Alhamisi hiyohiyo, Sengerema. Mama Kabula ni mjane, shemeji zake wamemnyang'anya shamba, na Masalu ndiye wakili wake. Nikamwambia Masalu aombe tarehe nyingine. Akakataa. Shahidi wa mjane huyo, Mzee Lutonja, ndiye jirani pekee anayeujua mpaka, na anaumwa sana. Huenda tarehe nyingine asiione.
Na udiwani je?
Nimenuna.

Jumatano, 10 Juni
Bado nimenuna. Ugomvi wetu wa kwanza. Shati lake nimelipiga pasi hata hivyo.

Alhamisi, 11 Juni
Ameondoka alfajiri. Sikumuaga. Saa nne nikajikuta ukumbini, kiti cha nyuma kabisa. Jina lake likaitwa mara mbili. Nikasimama. "Yuko mahakamani Sengerema, anamtetea mjane."
Mwenyekiti akatabasamu. "Shemeji, kaa. Hapa hatumpigii kura bibi harusi."
Ukumbi mzima ukacheka. Mama wa pembeni akanivuta kitenge. "Kaa, mwanangu. Angekuwa wangu, na mimi ningesimama."
Kura kumi na moja. Wa mwisho. Nimelia chooni.

Jumapili, 14 Juni
Tumekula sato. Masalu amechoka lakini hana kinyongo, na mimi nimeshindwa kuendelea kununa. Mzee Lutonja alitoa ushahidi akiwa ameketi, akalitaja kila jiwe la mpaka. Hukumu bado. Ametutumia michembe, vipande vya viazi vitamu alivyovikausha mkewe, pamoja na salamu: anamshukuru mke aliyekubali mumewe aende.
Mke gani huyo. Sikukubali hata kidogo.
Michembe nimeirudisha kwenye sahani. Nimemwambia Masalu anipeleke. Kabla mwezi huu haujaisha nitavuka daraja la Busisi, nitampigia magoti yule mzee, nimpe shikamoo yake, kisha nimwambie ukweli.