Goti Lako, Maître

Maître,

Sijui kama barua ya mutu aliye hai inafika huko uliko, lakini nikikaa na hiki kitu kifuani siku moja zaidi nitapasuka. Kwa hiyo soma. Ukitaka kukunja uso, kunja. Nimeuzoea.

Miezi minne imepita toka tukuzike. Muji umechukuliwa. Waliokuwa wakubwa walikimbia na boti, wapya wanapita barabarani na bunduki, benki zimefungwa, uwanja wa ndege uko kimya. Dawa zako za tansion, ile presha yako, hata leo usingezipata. Mke wako, Mama Kavira, bado anauza makala ya kupikia mbele ya nyumba, na anakutaja kana kwamba umetoka kidogo kununua sabuni. Klabu yetu ya mieleka iko pale pale Birere, nyuma ya wauza vitenge, shitingi ile ile ya turubai juu ya unga wa mbao. Mimi njo ninafundisha sasa. Wananiita Maître, na kila wakiniita ninageuka kukutafuta.

Sheria yako nimeilinda. Mugeni yeyote, hata aje na mukanda mweusi kutoka Kinshasa, anakaa katikati na kumupa mukubwa wa klabu muguu wake. Mukubwa anafunga kisigino kwapani, anakizungusha polepole, na mugeni lazima apige mukono kuomba kuachiwa kabla hajasikia maumivu. Akichelewa, hagusi muguu wa mutu mwezi muzima. Ulituambia mpaka tukachoka: "Mukono ukipindwa unalia mapema. Goti halilii. Ukisikia maumivu ya goti, limekwisha." Na kwa yule anayeshika ulikuwa na neno lingine, ulilisema ukiniangalia mimi: "Usingoje apige. Wewe njo unashika, wewe njo unajua."

Sasa sikiliza. Leo saa tisa mchana, aliingia afande mumoja wa hawa wapya, kijana wa miaka kama thelathini, na walinzi wawili. Walinzi walibaki mulangoni na bunduki zao. Yeye alivua viatu, akasalimia vizuri. Akasema ameona kwenye simu watu wakipindana visigino, anataka kujifunza leo leo. Nikamwambia hapa mugeni anatoa muguu kwanza. Akacheka. Akasema yeye hatoi muguu mbele ya vijana wake, tumupe mutu wa kujaribia. Halafu akanyosha kidole kwa Furaha.

Furaha unamukumbuka, binti wa yule mama anayeleta samaki kutoka Vitshumbi. Ulimufundisha kuanguka akiwa bado na meno ya maziwa. Sasa ana miaka kumi na sita na anawashinda wavulana wote. Alisimama, Maître. Alifikiri akikataa sisi wote tutapata shida, kwa hiyo alisimama na kuanza kukaza mukanda wake.

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Nikaenda kukaa mbele ya afande, nikasema, "Furaha, kaa chini. Afande, utashika muguu wangu. Lakini kwanza mimi nishike wako."

Mulinzi mumoja akasogea. Afande akamufanyia ishara atulie, akanyosha muguu kama mutu anayesafishiwa kiatu sokoni.

Nikashika. Nikafunga. Nikazungusha mpaka pale nyama inapoisha na kano zinabaki peke yake. Hakupiga. Jasho lilimutoka juu ya mudomo, hakupiga. Vijana wake walikuwa wanamutazama, na nikaelewa kwamba huyu hatapiga hata goti likatike. Halafu likikatika, sisi wote tutakuwa wapi? Mikono yangu ilikuwa imefika mahali ilipowahi kufika mara moja tu.

Unajua mara ipi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Jumapili baada ya misa, sisi wawili tu. Ulinipa muguu wako ukaniambia nizungushe. Nikazungusha, nikangoja mukono wako. Haukuja. Nilijua limefika mwisho, Maître. Sijawahi kukuambia hiyo. Vidole vyangu vilijua. Lakini hakuna mutu aliyewahi kukufanya upige mukono, na mimi nilitaka niwe wa kwanza, basi nikaongeza kidogo. Kidogo tu. Nilisikia kitu kama kijiti kinavunjika ndani ya nguo. Hukulia. Ulisema, "Nilikuwa nangoja uachie." Jioni ile ukamwambia kila mutu, hata Mama Kavira, kwamba umeanguka na pikipiki.

Hukunitupia hilo neno hata siku moja. Hata volkano ilipotema, asubuhi ile tulipoambiwa muji wote utoke, na goti lako likakataa njia. Nikakupandisha juu ya chukudu ya jirani, ile baiskeli ya mbao, nikakusukuma kupita Lac Vert mpaka Sake, katikati ya magodoro na mbuzi na watoto waliopotezana na mama zao. Ardhi ilikuwa inatetemeka chini ya gurudumu. Ulinitania kwamba umezeeka umekuwa gunia la viazi. Watu wakiuliza muzee ana nini, ulijibu pikipiki. Mimi nyuma yako nilikuwa ninasukuma na kulia, na nilikuacha ufikiri ninalilia nyumba.

Sasa nilikuwa na kisigino cha afande kwapani. Nikaachia. Yeye hajapiga, mimi nikaachia.

Walinzi wakacheka, wakaona amenishinda. Yeye hakucheka. Alikunja goti, akalinyosha, akalikunja tena, nikaona anajua lilibakiza kidogo tu likatike. Akaniuliza kwa sauti ndogo kwa nini nimeachia. Nikajibu mbele ya klabu yote: "Kwa sababu siku moja sikuachia. Goti la Maître wetu ni mimi nililivunja."

Furaha aliinamisha kichwa. Miaka yote hiyo nimejificha nyuma ya uongo wako, halafu ukweli unatoka mbele ya watu wenye bunduki.

Kisha nikamupa muguu wangu, maana nilikuwa nimesema. Niliogopa, sikufichi. Alifunga kisigino namna alivyoniona nikifanya, mukono muzito, na haraka ya mutu asiyejua nguvu zake. Nikapiga mapema, mara mbili, juu ya paja lake ili asikie mwilini. Hakuachia. Nikapiga tena. Goti langu likaanza kuelekea mahali lisipotakiwa kuelekea. Macho yake niliyajua. Yalikuwa ya mutu anayetaka kuona nini kitatokea. Furaha aliniita kwa sauti, "Riziki," hakusema Maître.

Afande akaachia.

Akabaki ameketi, anaangalia mikono yake. Akaomba samahani kwa kuchelewa. Nikamwambia kwa kuchelewa huko ana mwezi wake muzima bila kugusa muguu wa mutu, hata yeye. Alivaa viatu akaondoka na watu wake, na sijui kama atarudi kujifunza au kufunga klabu. Wenzangu walikuwa wanapigana mabega kwa furaha. Mimi nilitoka nje nikatapika nyuma ya ukuta, kwa aibu, Maître. Mutu wa bunduki, asiyenijua, siku yake ya kwanza, aliachia. Mimi uliyenilea sikukuachia.

Goti langu limevimba kidogo, litapona. Asubuhi ninaenda kwa Mama Kavira kabla hajaletewa habari na watu. Nitamwambia yote, hata ile sehemu kwamba nilijua. Akinifukuza, nitaondoka. Akinipa kiti, nitakaa. Na klabuni, nikiwa hai, hakuna atakayegusa muguu wa Furaha wala wa mutoto mwingine kabla hajatoa wake, awe na bunduki au asiwe nayo. Hiyo ninakuahidi.

Pumzika sasa, Papa. Nilikusukuma mpaka Sake na sikuwahi kukuomba musamaha. Ninakuomba.

Mutoto wako,
Riziki