Kontena za Chakula Chini ya Kamba

Jumapili, 3 Agosti

Mzigo umefika! Nimeupokea stendi mwenyewe. Zena wa Mbagala, muuza vyakula vya kupunguza uzito, anapika, anapima, anagandisha, anampa kondakta wa basi. Kila kontena ina kibandiko chake. Kuku wa kuchemsha na brokoli. Samaki, mchicha, wali wa brauni vijiko vitatu. Vijiko vitatu! Kwa mtu wa Rufiji huo si wali, huko ni kuonja chumvi.

Nimezificha kwenye friza la Nurdini, chini kabisa, chini ya kamba. Nurdini, mume wangu, yuko Nyamisati ananunua kamba kwa wavuvi, anarudi wiki ijayo. Ni yeye tu anayejua. Uvimbe ulio kwenye kizazi changu lazima utolewe, ndipo habari ya mtoto izungumzwe. Lakini daktari amekataa kunipasua kwa uzito huu na presha hii. Nipungue kwanza mpaka kilo themanini na tano. Atanipima Jumatano ya tarehe kumi na tatu.

Nurdini ameniapisha: mama asijue. Nami naona ana haki. Miaka saba ya ndoa, sijazaa. Mama mkwe ameshaanza kunitajia mabinti wa watu, eti huyu ana adabu, yule anajua kupika. Akisikia kizazi changu kinangojewa na kisu, mke wa pili ataingia kabla mimi sijatoka wodini.

Jumatano, 6 Agosti

Njaa. Njaa. Njaa.

Brokoli ni mti. Wameukata mti wakaufanya mboga. Na kila kitu kinanuka kamba, hata kuku. Naitia kontena kwenye maji ya moto mpaka barafu iachie, nakula chumbani, mlango nimefunga, kama mwizi.

Hapa kwa mama mkwe tunakula sinia moja. Leo kaweka wali wa nazi na kisamvu. Nikasema nimeshiba. Jana nilisema tumbo linauma. Juzi nilisema nimefunga sunna, naye akaniona nakunywa maji saa sita! Leo basi nikasema nafanya dayati. Akacheka. Akasema dayati ni ya watu wa kwenye tivii, mie nataka kumpendeza nani na mume hayupo?

Kicheko chenyewe hakikunikaa vizuri.

Ijumaa, 8 Agosti

Umeme umekatika tangu asubuhi. Mama mkwe akafungua friza aokoe kamba wa mwanawe. Akazikuta.

Alizipanga mezani moja moja, akaziangalia, akazirudisha. Heri angegomba.

Alasiri akaja jirani, Mwantumu, mwanamke asiyejua kunong'ona. Nilikuwa uani naosha vyombo, nikawasikia. Mwantumu akasema mtu anayekula chakula cha kufungiwa, na nyumba ina chungu jikoni, anaogopa chungu. Mama mkwe akauliza, anaogopa nini? Mwantumu akajibu, mie sijui, Mwanamina, jiulize mwenyewe.

Hapa kwetu hilo halina haja ya kumaliziwa. Ukikataa chungu cha mtu mzima, tena mara kwa mara, tena kwa siri, maana yake umesema ndani mna kitu. Nimemwita mama mkwe mchawi, na mdomo sijafungua!

Nimepima uzito duka la dawa. Themanini na saba. Nimefurahi, halafu nimeona haya kufurahi.

Jumatatu, 11 Agosti

Mama mkwe hali. Tangu jana mchana hali kitu. Anapika, anatandika mkeka, anaweka sinia, anafunika kawa, anakaa pembeni. Nikimwambia Mama kula, anasema nitakula na mkwe wangu. Na ana sukari! Vidonge anameza, chakula hagusi. Jioni nimemlazimisha chai, kanywa nusu.

Nurdini simu yake inashika na kupotea. Nimempata kidogo. Nikamwambia mama yako atakufa kwa ajili yangu, niruhusu niseme. Akasema vumilia, ni keshokutwa tu, usiseme. Nyuma yake nasikia watu wanacheka na samaki wanakaangwa. Nimemchukia kwa mara ya kwanza.

Jumanne, 12 Agosti

Mchana mama mkwe alikuwa palepale mkekani. Jasho linamtoka na upepo unavuma. Vidole vinacheza. Nikapiga magoti, nikasema Mama, kula, sukari inashuka. Akafunua kawa. Wali wa nazi, kamba wa kupaka. Akafinyanga tonge akanyoosha mkono.

"Kula mkononi mwangu, Zamda. Au niambie mie nimekukosea nini."

Nikaamua kusema. Wallahi niliamua. Mke wa pili na aje. Nikasema, "Mama, kesho naenda hospitali…"

Mwantumu alikuwa mlangoni, sijui tangu saa ngapi. Akapiga kigelegele!

"Mwanamina, weye! Mtu anachagua chakula, anajifungia, anakwenda hospitali kwa siri — huyu ana mimba changa! Tulikuwa tunamdhania nini sie?"

Mama mkwe akanitazama. Uso wote ukafunguka. Mwenye mimba hana lawama, hata chungu cha mama yake mzazi atakikataa, na mimba changa lazima ifichwe. Kila nilichokosa kikawa adabu. Nikafungua mdomo nikanushe. Tonge lile lile akalitia kinywani mwake. Akala! Akachukua la pili. Akala huku analia.

Nikaufunga mdomo.

Alikula mpaka vidole vikatulia. Mimi hakunilazimisha hata punje. Kisha akanawa, akanikalisha, akaweka kiganja chini ya kitovu changu. Akabonyeza taratibu. Akaupata uvimbe. Daktari mwenyewe aliupata hivyo hivyo, kwa mkono tu.

"Kigumu hiki," akasema. "Dume hili. Alhamdulillahi."

Kasema jambo hili halitangazwi, macho ya watu mabaya. Sasa hivi yuko uani, anaongea na dada yake Mwanahalima aliye Bungu, kwa sauti ya kusikika huko huko Bungu bila simu. Mwantumu ameshatoka na habari, na njia nzima ni yake. Na kesho mama mkwe ananisindikiza. Anataka kumsikia daktari kwa masikio yake.

Nurdini hapatikani. Nimejaribu tena. Hapatikani.

Nikimwambia mama mkwe usiku huu — au nimwache daktari aseme —

Ananiita. Amenitilia maji ya kuoga, ndoo ameibeba mwenyewe mpaka bafuni. Eti nisiiname.