Lori Waliloligawana Limewaka

Baba Zawadi, limewaka! Lori lako limewaka jana asubuhi, hapa hapa uani Ifakara, moshi ukajaa mpaka kwa majirani, na aliyeliwasha ni binti yako. Salamu nimeziruka. Ngoja nipumue.

Haya. Hatujambo wote. Mpunga umeshavunwa. Magoti yangu ni yale yale.

Unakumbuka ulivyoliacha, limekufa kabla yako, limekalishwa juu ya magogo. Ulisema, "Mama Zawadi, nikipona nalifungua lote." Hukupona. Siku ya kuanua matanga wazee wa ukoo wakagawa vitu vyako: shati kwa huyu, baiskeli kwa yule, wakafika kwenye lori. Wakasema lori bovu halirithiwi na mtu mmoja, kila mtu ang'oe chake. Kaka yako Simoni akachukua injini, eti itaendesha mashine ya kukoboa mpunga. Dada yako Rozina akabeba mlango wa dereva. Mbao za bodi zikawa vitanda. Springi zikaenda kwa mhunzi, zikawa mapanga na majembe. Mimi mjane nikaachiwa chesisi, ile fremu ya chini, pamoja na kichwa cha lori, maana hakukuwa na wa kuibeba. Nikawa naanikia nguo.

Sasa sikia habari za mwanao. Ule ufundi alioufuata Kidatu, ambao watu walinicheka, "Mama Zawadi, na mikono ya grisi hiyo mume atampata wapi?", leo lori la miwa likigoma ndiye anayeitwa. Mimi sijisifu. Nasema tu kwamba wenzangu nao wamezaa, lakini hawakuzaa Zawadi.

Alikuja likizo, akaizunguka ile chesisi akiigonga kwa nyundo, akasema, "Mama, mifupa mizima hii. Nitairudishia nyama." Na mimi nikaweka nadhiri pale pale: saruji ya kujengea kaburi lako haitafika Namawala ulikolala kwa gari la kukodi. Itafika kwa lori lako, au haitafika.

Huko Kidatu akauziwa lori la miwa lililochoka, la aina moja na lako, kabla halijakatwakatwa kuwa chuma chakavu. Springi, sanduku la gia, rejeta, magurudumu na bodi ya nyuma vikatoka humo. Lakini injini yake ilikuwa imepasuka, haifai kitu. Ikabaki yako, iliyo kwa Simoni. Haijawahi kukoboa hata punje moja! Imekaa nyuma ya nyumba, imefunikwa turubai, lakini jaribu kuisogelea uone. "Kitu cha marehemu hakitoki kwangu."

Zawadi alikwenda, akampigia magoti na shikamoo yake, akarudi mikono mitupu. Nikajifunga khanga nikaenda mwenyewe. Nikamwambia, "Shemeji, siku ya kujengea kaburi la mdogo wako, wewe utakwenda na nini? Kwa miguu?"

Akajikuna kichwa. "Nitakaa mbele?"

"Mbele, dirishani, na kofia yako."

Turubai akalivuta mwenyewe.

Basi injini ikasafiri mpaka uani kwangu. Zawadi akaichambua yote, ikatandazwa chini kama vyombo vya harusi vinavyosubiri kuoshwa. Vyuma vilivyolika vikachongwa upya kwa mashine, pistoni na ringi zikawekwa mpya, vilivyo vizima vikaoshwa kwa dizeli vikarudi mahali pake. Rozina naye akautoa mlango. Ulikuwa mlango wa banda la kuku, na mpaka leo unanuka kuku. Tumemtengenezea mwingine wa mabati, na bado analalamika.

Kuna jirani alisema hili si lori la marehemu tena, ni viraka. Nilimjibu vibaya, lakini usiku neno lake lilinikaa. Jana lilipowaka nikapanda, nikakaa mahali pangu pa siku zote, nikauangalia ule mlango ng'ambo yangu. Pale ulipokuwa ukiegemeza kiwiko, rangi imelika, chuma kinang'aa. Kuku hawakupafuta.

Sikulia. Moshi ulikuwa mwingi.

Sasa lala, Baba Zawadi, usiwaze tena habari za lori. Zawadi atashika usukani. Simoni atakaa dirishani, mimi nitabanana katikati. Rozina na wengine watapanda nyuma juu ya mifuko ya saruji, na hao waliolalia mbao za bodi nao watakuja, maana nimewaambia atakayebaki nyumbani nitamtaja jina mbele ya kaburi. Tukiyakaribia mashamba, Zawadi atapiga honi mara mbili, kama ulivyokuwa ukinipigia niinjike maji ya ugali. Ukisikia, ujue ni sisi. Nakuahidi kaburi lako halitaota nyasi wala kupata ufa nikiwa hai, maana sasa usafiri ninao.

Barabara ni mbovu, tutakwenda polepole. Lakini Jumapili hii, misa ya kwanza ikitoka, tunakuja wote.