Siwezi Kusema Nimeuona Upande Nisiouona

Maskati

Kaka Bakari,

Shikamoo. Natumai hapo Shimoni mmeamka salama, na goti la mama limepoa. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila nina hasira. Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Ulinipigia ukanisihi nimwombe msimamizi radhi nisije nikapoteza kazi. Ukaniambia, "Mkono usioweza kuukata, ubusu." Siubusu, kaka. Nisikilize kwanza.

Feri ya abiria lazima ikaguliwe tumbo lake. Badala ya kuitoa majini, sisi wazamiaji hushuka na kamera. Sharti ni chini kuwe kumesafishwa na maji yawe maangavu, uone bati kwa macho yako. Juzi nilishuka, maji machafu kama yaliyooshewa muhogo. Upande wa kushoto niliuona. Wa kulia, karibu na rafadha, chaza wameganda hata bati halionekani. Nikapapasa, kidole kikazama. Ni ufa au ni mkwaruzo? Wallahi sijui, na ndiyo maana nikasema feri ipandishwe nchi kavu.

Msimamizi akacheka. Idi inakaribia, abiria ni wengi, ati niupige picha upande wa kushoto mara mbili, picha moja tuiite ya upande wa kulia! Loh! Nikamwambia, "Bwana, kwetu fundi akishaziba nyufa za chombo kwa kalafati, siku ya kukishusha majini yeye ndiye wa kwanza kukipanda, na wanawe. Mlete mkeo na watoto wapande kesho, nami nitapiga picha uzitakazo."

Uso ukamwiva. Akasema niombe radhi mbele ya wenzangu au nirudi kwetu.

Najua nyumba ya mama haijaezekwa, na mabati niliyaahidi mimi. Inaniuma, kaka, inaniuma sana. Lakini wewe unavusha watu kwenda Wasini kila siku. Mtu akikudanganya kuhusu mashua yako, nawe ukawapakia kina mama na watoto wao, utamfanya nini? Usinijibu. Nakujua, utamzaba makofi.

Nisalimie mama, na shemeji yangu fundi wa pweza wa nazi, na mjomba mkata miwa wa Ramisi. Mke wangu mwambie asilie mbele ya majirani, mumewe hakuiba kitu.

Radhi sikuomba. Nilikwenda kwa wakaguzi wa bandari nikawaeleza nilichokigusa, nao wakaizuia feri. Kesho inatolewa majini, na mimi tikiti ya kurudi nimeshakatiwa. Ikionekana ni mkwaruzo tu, watanicheka mpaka uwanja wa ndege. Na wanicheke! Abiria nao watakuwa hai, wacheke pamoja nao.

Ndimi mdogo wako,
Salimu