Bamba la Bibi na Sabuni Yangu

Gethin mdogo wangu,

Nimekwenda kununua vitunguu vya majani, liki, vya supu. Ukiamka tu, lipake lile bamba la chuma la Bibi la kuokea vikeki mafuta ya nguruwe, lipashe moto, lifute, urudie mara tatu. Vikeki vya Sikukuu ya Dewi Mtakatifu viive kabla Bibi hajarudi kutoka kanisani. Msaidie mdogo wetu Mabli kukata maua yake ya karatasi. Gundi uishike wewe!

Alfajiri, ukiwa umelala, nililisugua bamba kwa sabuni na waya wa kusugulia sufuria. Bibi akalitazama linavyong'aa, akasema, "Heledd, umemfuta mama yangu." Halafu akacheka. Halafu akavaa koti, akaondoka bila chai.

Sasa amekasirika au vipi? Sabuni inamfutaje mtu? Najua mama yake hakuliosha hata siku moja, wala yeye, miaka sabini yote hiyo; walilifuta tu, na ule utando mweusi wa mafuta ukajijenga tangu enzi za mama yake. Lakini lilikuwa linanuka mafuta yaliyochacha, na mwaka jana Mabli alitapika siku mbili baada ya kula vikeki vyake.

~~Mwambie naomba anisamehe.~~

Hapana. Mwambie kikeki cha kwanza ni chake, na chai nitampikia mwenyewe. Msamaha siombi.

Dada yako