Shangazi, Tuliuliza Kuhusu Deni

Lindahl Falls,
Minnesota.
Machi 3.

Mpendwa Shangazi Ardis,

Natumaini goti linaendelea vizuri na kwamba umepata mtu wa kukuondolea theluji mlangoni, ingawa najua utasema unaweza mwenyewe. Huku hatujambo. Baba anakohoa lakini hataki kusikia habari ya daktari. Mama anakusalimu sana. Mimi ni mzima wa mwili, ila nina hasira ambayo hata usingizi haujaishusha.

Nianze na wewe, na unisamehe. Katika barua ya Krismasi uliyoutumia ukoo mzima, uliandika kwamba vijana wa leo hata wakiambiwa nchi inazama kwenye deni, watauliza tu kama kuna waifai. Baba alicheka. Mimi nilinyamaza, kama tulivyolelewa. Sasa kunyamaza kumenishinda.

Majira yote ya baridi mimi na Mai See, yule rafiki yangu anayesomea uuguzi, tumekutana na wenzetu maktaba kusoma bajeti ya taifa. Tumegombana mpaka mkutubi akatutoa nje. Mai See anataka kodi ziongezwe, mimi nataka matumizi yapunguzwe, na mwenzetu mmoja alilia kwa sababu bibi yake anaishi kwa pensheni ya serikali. Lakini kuna jambo hatukubishania: serikali inakopa, riba inapanda, na watakaolipa ni sisi. Huko ndiko kutojali, Shangazi?

Basi mbunge wetu, Mheshimiwa Lundeby, akatangaza mkutano wa vijana kuhusu deni la taifa, katika ukumbi ulio chini ya kanisa letu. Tulifurahi kama wajinga. Tukakubaliana swali moja: mwaka baada ya mwaka umepiga kura ya kuongeza matumizi na kura ya kupunguza kodi, kipi utakiacha, na lini?

Mlangoni tulipewa fulana za bluu zilizoandikwa "Kesho ni Yetu". Msaidizi wake akakusanya maswali kwenye kadi, akayapitia huku anatabasamu, letu akalitia mfukoni. Aliyosomewa mheshimiwa ni alicheza mchezo gani shuleni, na mbwa wake anaitwaje. Nilipoinua mkono, msaidizi akaniinamia sikioni: "Dada, tusiwaharibie watu siku, sawa? Fulana imekupendeza, lakini!" Kisha tukapangwa kupigwa picha, mheshimiwa katikati, kanishika bega utadhani kanizaa. Na mimi nikatabasamu! Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Wazee wetu walikuwepo, wamejaa viti vya nyuma. Hakuna aliyefungua mdomo. Ila mheshimiwa alipokuwa anatoka, alipita mezani akachukua kipande cha mwisho cha keki ya ndimu ya Bi Verna Opdahl, kizima, akakila huku anatembea. Unajua kwetu: cha mwisho hakichukuliwi. Kinakatwa nusu, na nusu ya nusu, mpaka yabaki makombo, na hayo makombo yenyewe hakuna wa kuyagusa. Hapo ndipo ukumbi uliponguruma.

"Umeona?" Bi Verna akanishika mkono. "Kizima! Hata kisu hakugusa! Huyu kalelewa na nani?"

"Bi Verna, na swali letu je? Hata halikusomwa."

"Swali gani tena, mwanangu? Mimi nasema keki!"

Nilitaka kupiga yowe. Kumbe hasira wanayo, Shangazi! Wanayo tele, wameiweka akiba kwa ajili ya keki. Tukiambiwa sisi tutalipa riba mpaka tuzeeke, wanaangalia viatu vyao.

Mai See aliivua palepale ile fulana aliyoivaa juu ya sweta lake, akaitupa kwenye pipa. "Mimi basi, Maren. Wanataka sura zetu tu, midomo tuiache nyumbani." Tangu siku hiyo haji maktaba, na wengine wanamfuata mmojammoja. Nikiwapoteza hawa hawatarudi, na hata kupiga kura hawataenda.

Sasa nisikilize. Nimesoma kwamba mwezi ujao Lundeby atakuja huko kwenu, kwenye kituo cha wazee, na mkutano ni wa wanachama peke yao. Wewe ndiye mwenyekiti wa kamati ya kukaribisha wageni. Nakuomba usimame umuulize swali letu, kwa ile sauti uliyokuwa ukiitumia darasani. Wewe hakuna wa kukuambia usiwaharibie watu siku. Akizungukazunguka, muulize tena. Najua si kawaida yetu, na najua wenzako watakutazama vibaya. Mimi wameshanitazama, na bado niko hai.

Nisalimie binamu Lorna na watoto wake, na jirani yako Bi Gudrun. Mungu akuepushe na barafu ya ngazini, akujalie nguvu na usingizi mzuri.

Siku hiyo nitaendesha gari tangu alfajiri, na Mai See nitamleta hata kwa kumburuta. Ndani hatutaruhusiwa, kwa hiyo tutasimama nje kwenye theluji. Ukiona huwezi kuuliza, sitakulaumu. Inuka tu, utufungulie mlango.

Wako akupendaye, hata kwa hasira hii,
Maren Kvamme