Mateka Aliyepewa Chai

Darawan, 3 Januari 1966

Mwanangu Bakhtiyar,

Kosa wanalolifanya watu wengi wakishamkamata askari ni kumpa chai kabla ya kumuuliza jina. Nimeanza na hilo kabla ya salamu, na marehemu baba yako angenikemea, lakini tangu Bibi Gulnaz, mchukuzi wetu wa barua, aliponiletea habari zenu pamoja na maziwa yake mgando nimeshindwa kutulia.

Sasa salamu. Hujambo? Kikohozi kimepungua? Huku mimi ni mzima, isipokuwa jino moja ambalo siku hizi lina maoni yake kuhusu kila ninachokula.

Nikueleze hali ya hapa mjini, ili uone kwa nini nauliza nitakayouliza. Ndugu yako Shwan bado yumo katika chumba cha nyuma cha kambi ya jeshi. Unakumbuka alikamatwa njiani akija kwenu, wapiganaji wa mlimani, na jozi thelathini za viatu vya kiume, vikubwa kwa vidogo, na alipoulizwa akasema vyote ni vyake. Kapteni hakucheka. Tarehe thelathini lori litawachukua wafungwa kwenda Baghdad, na wanaopanda lori hilo hatujawahi kuwaona wakirudi. Lakini mullah wetu wa msikitini amezungumza na kapteni, na kapteni amekubali: mtu kwa mtu. Nyinyi mkimrudisha askari wake mmoja, yeye anamfungua mwanangu.

Na Mungu akajalia, mkampata. Bibi Gulnaz anasema ni sajini mpishi aitwaye Chasib, Mwarabu wa kule kusini kwenye vinamasi, na kwamba mlimkuta peke yake bondeni akimkimbiza kondoo wa karamu ya wakubwa wake. Anasema pia kwamba wewe ulimhurumia.

Basi nijibu kwa ukweli na kwa utaratibu. Alikunywa chai akiwa ndani au nje? Mkate aliumega au aliukataa? Sukari alitia nani? Unajua ninachokiogopa. Mateka hubadilishwa. Mgeni habadilishwi.

Ami yako,
Tofiq


Mlimani, 7 Januari 1966

Ami yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini jino limenyamaza. Kikohozi changu kimepona, au tuseme kimehamia kwa kamanda wetu, Kaka Sabir, ambaye anakohoa na kunitazama.

Ami, ilikuwa ndani. Alikuwa anatetemeka hadi vifungo vya koti vinalia. Nilimwingiza pangoni, nikasema karibu. Ndiyo, neno lenyewe nililitamka. Sukari nilimvunjia mimi kwa jambia langu.

Kaka Sabir aliporudi kutoka doria alimkuta ameegemea mto wangu, nyayo kazielekeza motoni.

"Huyu ni nani?"

"Mateka," nikasema.

"Mbona ana mto?"

"Alikuwa na baridi, Kaka."

"Amekula?"

"Kipande cha mkate tu."

"Mikate mitatu," akasema sajini mwenyewe. "Na maziwa mgando. Mungu akulinde, kijana, ila chumvi ilikuwa haba."

Kaka Sabir alijikalia chini kama mtu aliyeletewa habari za moto nyumbani kwake. Baadaye akasema, "Hili ni pango. Pango si nyumba. Pasipo nyumba hapana mgeni."

"Kwetu nyumba ni matete na inaelea juu ya maji," akasema Chasib, "na mgeni ni mgeni."

"Wewe nyamaza. Jambo hili linakuhusu."

"Ndiyo maana nasema."

Ami, tumegawanyika. Saba wanasema pango ni nyumba, sita wanasema si nyumba, mmoja alikuwa amelala. Wale saba wanataja lile blanketi tulilotundika mlangoni kuzuia upepo. Kaka Sabir ameamua kwamba hukumu utatoa wewe, kwa kuwa wewe ndiye uliyesoma, na kwa kuwa Shwan ni mwanao, hakuna atakayesema ulimpendelea mgeni.

Mimi naona aibu hata kukuandikia. Nisamehe.

Mwanao,
Bakhtiyar


Darawan, 10 Januari 1966

Mwanangu Bakhtiyar,

Marahaba. Natumaini barua hii inakukuta salama, na Kaka Sabir amepata asali ya kikohozi niliyoifunga pamoja nayo. Mwambie alambe kidogo kidogo, si kuinywa.

Nitakueleza nilivyofikiri, maana hukumu bila maelezo ni amri tu, na amri mnazo za kutosha.

Nilikaa nikaandika ukurasa mzima kwamba pango si nyumba. Nilisema nyumba hujengwa na mtu, pango hujengwa na Mungu, na Mungu hakualika mtu kunywa chai. Nilisema nyumba ina paa linalovuja. Zilikuwa hoja nzuri sana, na huo uzuri wake ndio ulionitia shaka. Nikajiuliza: kama mfungwa angekuwa mtoto wa jirani, ningezitafuta hoja hizi? Nikauchana ukurasa.

Basi hukumu ni hii. Mahali penye moto, penye pazia mlangoni, na penye mtu anayesema karibu na kumaanisha, ni nyumba. Chasib ni mgeni wenu. Hamuwezi kumfunga, hamuwezi kumhoji, na hamuwezi kumpeleka kwa kapteni kama kondoo wa mnada. Akitaka kuondoka, mtamsindikiza hadi daraja la mawe, na aliyemkaribisha ndiye atakayetembea mbele yake.

Kumi na moja, kumi na mbili, hadi tarehe thelathini: nimezihesabu siku na wewe umezihesabu. Usidhani sijui ninachokifanya. Lakini haya nilimfundisha Shwan akiwa na miaka mitano, alipokataa kumpisha mgeni kwenye godoro lake. Nilimlaza chini siku tatu. Siwezi leo kumfungua kwa kujifanya sikumfundisha.

Usione aibu. Ulifanya sawa, kwa wakati mbaya.

Ami yako,
Tofiq


Mlimani, 16 Januari 1966

Ami yangu,

Shikamoo, na pole. Sisi wazima. Asali iliisha siku ileile, hakulamba.

Tulimsomea Chasib ile hukumu yako tu, tukamwambia yuko huru. Akauliza kama kuna mtu amemkosea.

Siku ya kwanza alisema theluji bado haijashikana. Siku ya pili likawa suala la mguu. Siku ya tatu aliinuka, mguu mzima kabisa, akatufukuza kwenye sufuria. Alisema ngano tunavyoipika, hata adui hastahili kupewa. Akaikaanga kwanza kwa siagi, akatia vitunguu na zabibu kavu, na tangu saa ile hakuna aliyemkumbusha habari ya daraja. Kaka Sabir alipakua mara mbili, halafu akasema, "Labda tusimharakishe mgeni." Wale sita waliosema pango si nyumba sasa ndio wanaogombania kumtandikia. Siku ya nne alinilalamikia kwamba chai yetu ni nyepesi.

Jana aliondoka. Alikuwa amenenepa, ami, mkanda umesogea matundu mawili. Tulimpa soksi za sufu. Nilitembea mbele yake mpaka darajani kama ulivyosema, na hapo akaniuliza, "Yule mfungwa wa viatu kule kambini, ninayempelekea mkate, mnamjua?"

"Ni ndugu yangu. Baba yake ndiye aliyeandika ile hukumu."

Akasimama. "Mlitaka kunibadilisha naye?"

"Ndiyo."

"Na hamkunibadilisha kwa sababu ya mikate mitatu?"

"Na chai."

Alivuka daraja bila kuniaga, na sikumlaumu.

Mwanao,
Bakhtiyar


Darawan, 21 Januari 1966

Mwanangu Bakhtiyar,

Marahaba. Natumaini wote hamjambo. Jino nimeling'oa, sasa jirani yake ameona anafaa kurithi kazi.

Keti kabla ya kusoma. Chasib amefungwa.

Mullah alikuwepo kambini alipoingia, kwa hiyo nakupa maneno kama yalivyosemwa. Kapteni alimzunguka mara mbili, akamminya shavu.

"Siku kumi na sita mikononi mwa waasi," akasema. "Hiki ni nini?"

"Shavu, bwana."

"Mateka gani anarudi na mashavu? Umewauzia nini?"

"Niliwapikia ngano, bwana. Ya kwao ilikuwa inasikitisha."

"Na soksi?"

"Zawadi."

Mtu mwenye akili angesema alitoroka, akajikwaruza kidogo usoni. Chasib ni mpishi. Anasema kilichomo chunguni. Wakamtupa chumba cha nyuma, pamoja na Shwan. Wamelala wawili chini ya blanketi moja, na Shwan amempisha upande wa ukuta, usio na upepo. Nilipoambiwa hivyo nilitoka uani nikajifanya natazama kuku.

Lakini sikiliza yaliyofuata. Waliyempa sufuria baada ya Chasib alikuwa fundi wa magari. Siku ya kwanza maofisa walikula kimya. Siku ya pili hawakula. Siku ya tatu kapteni mwenyewe alionekana akikimbilia chooni bila kofia. Ilipofika adhuhuri Chasib alikuwa amerudishwa jikoni, mfungwa bado, na mlinzi juu yake. Akasema peke yake hawezi, anataka msaidizi, na msaidizi awe yule wa viatu, kwa kuwa ni dhahiri ana nguvu za kubeba.

Sasa kila alfajiri wanakuja wote wawili kwenye tanuri la mkate sokoni, na mlinzi mmoja. Jana nilikwenda kununua mkate ambao siuhitaji. Shwan alinipita na mikate arobaini kichwani. Amekonda. Alinikonyeza.

Ami yako,
Tofiq


Mlimani, 23 Januari 1966

Ami yangu,

Shikamoo. Sitarefusha salamu, unisamehe, Bibi Gulnaz amekataa kukaa.

Tuko tayari. Mlinzi mmoja, mtu mmoja wa kuchukua. Kaka Sabir anatoa watu sita, anasema tutashuka na kumnyakua Shwan pale tanurini kabla jua halijapanda. Sema neno tu.

Mwanao,
Bakhtiyar


Darawan, 28 Januari 1966

Mwanangu Bakhtiyar,

Marahaba, na salamu kwa wote. Bibi Gulnaz ameniapia kwamba safari hii hatasimama popote kuuza wala kusengenya, na kwamba utaipata barua hii kabla ya adhuhuri. Jambo hilo hajawahi kulifanya maishani mwake, kwa hiyo uone uzito wake.

Nilichelewa kukujibu kwa sababu jibu lilikuwa hapana na sikutaka kuliandika. Shwan akitoweka tanurini, shingo itakayolipa ni ya Chasib. Hamumtoi mgeni mlangoni kwa heshima ili mkamnyongeshe sokoni. Siku nne tangu barua yako ifike nimekuwa na mwanangu hatua tano kutoka mkononi mwangu, na kila siku nikanunua mkate nikarudi nyumbani. Kuku wangu sasa wanakula vizuri kuliko kapteni.

Leo alfajiri Chasib alinijia tanurini, akijifanya anachagua mikate.

"Mzee, wewe ndiye uliyeandika kwamba pango ni nyumba?"

"Ndiye."

"Ulikosea kidogo. Ulisahau kutaja kwamba lina moshi." Akageuza mkate. "Lori la keshokutwa lina majina mawili mapya. La kijana wako, na langu. Kapteni anataka Baghdad wayachunguze mashavu yangu."

"Mungu wangu."

"Kwa hiyo shingo yangu usiihesabu tena, ilishahesabiwa. Kesho alfajiri mimi na kijana tunatokea mlango wa nyuma wa tanuri. Mlinzi ni mtoto wa kijiji jirani na chetu kule kusini, tumeongea. Atasema tulimshinda nguvu. Ameomba tu tumfunge kwa kitambaa, kamba inamwasha."

Niliinama nikaokota mkate ambao haukuanguka.

"Na wewe, mzee?" akaniuliza. "Watu wawili wakikosekana, mlango wa kwanza watakaougonga ni wa nani?"

Nilimweleza kwamba nina vitabu, kuku saba, na miaka sitini na tisa katika mji huu, na kwamba mtu wa umri wangu haishi juu ya mlima na watu wenye bunduki. Nilimweleza vizuri sana, kwa mpangilio. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sikuuliza umri. Nimeuliza mlango ni wa nani." Akabeba mikate yake akaenda.

Kuku nimempa mwoka mikate. Vitabu nimechagua viwili, na nimeviweka chini na kuvichukua mara kadhaa. Waambie wenzako kwamba sijui kupiga bunduki, na kwamba nikiamka huwa sipendi kusemeshwa.

Njia ya tanuri hadi mtoni ni ya saa mbili kwa miguu, na baada ya hapo ni kupanda tu. Leo hii, kabla jua halijazama, peleka nyumbu watatu kwenye kivuko cha chini.

Ami yako,
Tofiq